Taa ya Raleigh ya mzee imekua LED: kazi ya fundi redio wa Ifakara, na ile globu ya dukani iliyoniumiza

Nianze na baiskeli yenyewe maana bila kuijua hamtaelewa kwanini nimehangaika hivi. Ni Raleigh ya mzee wangu, nyeusi, ile ya kiume yenye bomba la juu, gia ya mbele imekatwa vichwa vitatu vya korongo na pale shingoni kuna nembo ya korongo huyohuyo. Ilitengenezwa Nottingham, Uingereza, na kiwanda cha pale kilishafungwa 2002, kwa iyo ya namna hii mpya haiji tena. Mbele ina taa ya Miller, bati limepigwa kromu, kioo chake ni kioo kweli sio plastiki, kina mistari ya kusimama ya kutawanya mwanga. Mzee alikua anaisugua hiyo taa Jumapili kabla ya kwenda kanisani, majivu laini na kipande cha kanga kuukuu, mpaka unajiona sura. Alipofariki baiskeli ikawa yangu na naipanda kila siku, sio ya kuweka ukumbini.

Wanaoijua Ifakara wanajua, huku baiskeli ndio miguu ya watu. Mama anaenda sokoni na baiskeli, mwalimu na baiskeli, mtoto wa shule kabebwa nyuma kwenye keria na madaftari kayakumbatia. Na msimu wa mpunga ukifika kipindi cha kuwinga kwelea kwelea huwezi kutoka shambani mapema, ndege wanashuka mpaka jua linazama, kwa hiyo unaondoka kwenye majaruba saa kumi na mbili na nusu jioni na unafika barabarani giza limeshaingia. Njia nzima malori na bodaboda zinapita na wewe uko pembeni kwenye vumbi. Taa kwangu mimi sio urembo jamani, mtu asipokuona anakupitia.

Sasa tatizo la taa ya zamani. Globu yake ni ile ya waya ndani, ya kusokota, shingo yake milimita 10, na dainamo, kile kifaa cha kufua umeme, ni ya kubana tairi, voti 6 wati 3. Katika hizo wati 3 ya mbele inachukua 2.4 na ya nyuma 0.6. Ukiangalia mwanga wake ni kama mshumaa uliowekwa kwenye kopo, wa njano, ukipunguza mwendo unakufa, ukisimama giza totoro. Karibu moto wote unaishia kua joto, ile globu ukiigusa inachoma lakini mbele huoni shimo. Afu kuna ugonjwa mmoja ambao waliotumia dainamo wanaujua vizuri, globu ya nyuma ikiungua tu, moto wote unahamia ya mbele, ukishuka kimlima kidogo kwa kasi na yenyewe puu, imeungua. Unabaki huna mbele huna nyuma. Na globu zenyewe siku hizi kuzipata ni shida, ukiuliza madukani wanakuangalia kama unauliza mafuta ya taa ya karabai.

Watu wengi waliniambia toa hilo bati, funga tochi ya Kichina ya kuchaji, elfu 10 umemaliza. Nilishafunga. Zinawaka vizuri sitaki kudanganya, ila umeme ukikatika siku mbili haujachaji unakwenda gizani, raba ya kubania kwenye usukani inakatika na jua, na ukiiacha nje ya duka dakika mbili umeshaibiwa. Dainamo haihitaji kuchajiwa. Haiibiwi kirahisi. Unakanyaga, inawaka. Kwa hiyo nikasema nataka vyote, bati la mzee libaki palepale, ndani kuwe na mwanga wa leo.

Nikaanza kwa njia ya mkato na hapo ndipo nilipoumia. Kuna duka moja la vifaa vya baiskeli, siwataji jina, nilikuta globu ya LED ya kusokota, shingo ileile ya milimita 10, kwenye karatasi imeandikwa voti 6. Elfu 4 na mia 5. Muuzaji akaniapia inaingia baiskeli yoyote. Nikaifunga pale pale, nikainua gurudumu nikazungusha kwa mkono, ikawaka nyeupe pee, nikafurahi nikaondoka. Jioni barabarani nikaona inacheza cheza, inakatika katika kama mtu anapepesa macho, nikiongeza kasi inatulia kidogo. Nilipofika mteremko wa kuelekea nyumbani ikatoa mwanga mkali sana mara moja na ikazima moja kwa moja. Siku moja tu. Nikarudi dukani kesho yake nikaambiwa vitu vya umeme havirudishwi. Ile haikua bei kubwa lakini iliniuma, kwa sababu yule muuzaji hakujua anachouza na alikua na uhakika kweli kweli.

Jirani akanielekeza kwa fundi redio mmoja hapa mjini, mtu mzima, kibanda chake kimejaa redio kaseti na subwoofa zilizofunguliwa tumbo. Nikamuwekea taa mezani na ile globu iliyokufa. Akaichukua globu, akaipasua kwa koleo, akaniita nisogee.

"Kijana wangu, unaona humu ndani? Kuna LED na rezista basi. Hamna dayodi hata moja. Hii ni ya betri."

Ndipo akanipa somo ambalo nashukuru nililipata, naliandika hapa kama nilivyolielewa. Dainamo ya baiskeli haitoi umeme kama wa betri, inatoa wa kwenda na kurudi, kama wa ukutani. LED inapitisha upande mmoja tu, kwa hiyo nusu ya moto inatupwa na ndio maana ilikua inapepesa. Hilo moja. La pili, ile voti 6 iliyoandikwa kwenye dainamo ni pale inapokua imebebeshwa mzigo wake wa kawaida. Ukiipa mzigo mdogo au ukikimbia sana voti zinapanda, bila mzigo kabisa zinaweza kupita 20. LED ndogo na karezista kake haiwezi kuvumilia hapo. Kinachobaki karibu palepale ni ampea, dainamo hata ukimbie vipi inajizuia yenyewe kwenye nusu ampea au juu kidogo. Akasema hapo ndipo bahati yetu ilipo, maana LED inachotaka ni ampea za uhakika, sio voti. Ukichukua LED moja kubwa ya wati 3, ambayo inabeba mpaka ampea 0.7, dainamo haiwezi kuiua hata ushuke mlima, na huhitaji saketi ya kudhibiti chochote. Inabidi tu uinyooshee umeme kwa dayodi, vile vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu.

Hata zile dainamo zinazoandikwa voti 12 wati 6 ni hivyohivyo, gawanya utapata nusu ampea ileile. Mi nilikua nadhani ni kali mara mbili.

Vifaa alivyoorodhesha ni hivi, sio vingi. Dayodi nne za kutengeneza briji, yaani zinaunganishwa pamoja kugeuza umeme wa kwenda na kurudi uwe wa upande mmoja, akasisitiza ziwe aina ya 1N5819 sio zile za kawaida za redio, kwa sababu umeme unapita kwenye mbili kwa wakati mmoja na za kawaida kila moja inakula kama voti 0.7, ukienda polepole na dainamo inatoa kidogo hiyo 1.4 ndio tofauti ya kuwaka na kutowaka. Hizi zinakula kama nusu yake. LED ya wati 3 kwenye kibati chake cha alumini. Kapasita ya kutunza umeme kidogo, ile fupi nene ya faradi 1 voti 5.5. Zena, dayodi ya kuzuia voti zisipande, ya voti 5.1. Rezista. Kipande cha alumini cha kupozea joto alichokata kwenye hitisinki ya kompyuta iliyokufa. LED na kapasita hazikuwepo Ifakara, akaagiza Kariakoo zikaja na basi siku ya tatu. Jumla vifaa nimelipa 14,000 pamoja na nauli ya mzigo, ufundi 15,000. Nilipatana kidogo mwanzoni alisema 20,000.

Akaniuliza nataka nyeupe au ya njano njano. Swali hili watu hawalifikirii. LED nyeupe kiasili ni ya bluu iliyopakwa unga wa njano juu, ndio hiyo LED ya bluu waliyoihangaikia Wajapani Akasaki, Amano na Nakamura mpaka wakapewa Nobel ya fizikia 2014. Unga ukiwa mwembamba inatoka nyeupe ya kuelekea bluu, ukiwa mzito inatoka ya njano kama globu ya zamani. Nyeupe kali inatoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) zaidi kidogo, ila nilichagua ya njano, kwanza kwa ajili ya sura ya taa, nilitaka mtu akiiona usiku asijue kama kuna kitu kimebadilishwa, na pili ile ya bluu naiona inaumiza macho zaidi. Sijutii.

Kazi yake ya kwanza niseme ukweli haikua nzuri. Alitoa kile kishikio cha globu, akapachika LED kwenye tundu ikiangalia mbele, akaunganisha waya, akanipa. Nilipoijaribu usiku nikaona mambo mawili. Moja, mwanga ulikua mwingi lakini umemwagika kila mahali, kwenye miti, kwenye ngozi ya tairi la mbele, na kwa watu wanaokuja mbele yangu, mama mmoja akaniambia kabisa "baba unatuumiza macho". Barabara yenyewe mita 5 mbele ilikua haina kitu. Pili, ilikua inacheza cheza tena kama ile ya dukani, ingawa kidogo.

Nikarudi. Na hapa ndio nampa sifa zake zote, hakubisha, hakusema "hiyo ndio kawaida yake". Alifungua pale pale nikiwa nimekaa kwenye benchi.

Kucheza cheza aliliona kwa dakika mbili. Baiskeli hizi za zamani zina waya mmoja tu kutoka kwenye dainamo, njia ya kurudi ni fremu yenyewe, chuma. Sasa yeye alipoweka briji ile negativi ya LED ilikua inagusa bati la taa, na bati limefungwa kwenye fremu, na fremu ni mguu mmoja wa dainamo. Maana yake alikua ameifupisha dayodi moja, nusu ya umeme inapita pembeni inarudi nyumbani bila kufanya kazi. Kwa anayetaka kufanya mwenyewe nyumbani aandike hili ukutani: ukishaweka briji, waya zote mbili za LED zisiguse bati. Kibati cha alumini cha LED kinaruhusiwa kugusa maana kwa kawaida kimetengwa na umeme, na unataka kiguse ili joto litoke, ila kipime kwanza na mita. Akavalisha waya mipira ya kunywea kwa joto, akapima na mita kati ya negativi na bati, sindano haikusogea, akaitikia kwa kichwa akaendelea.

La mwanga kumwagika ndio lilimchukua nusu siku na ndio lililonifanya niandike haya yote. Kile kikombe cha kung'aa ndani ya taa, riflekta, kilichongwa kwa ajili ya kiwaya cha globu, kiwaya ambacho kinatoa mwanga pande zote na kimekaa kwenye kitovu chake kamili. Kikombe kinaokota ule mwanga wa pembeni kinautupa mbele kwa pamoja. LED haitoi nyuma, inatoa upande mmoja inakoangalia. Ukiipachika iangalie mbele basi sehemu kubwa ya mwanga inatoka moja kwa moja bila kugusa kikombe, kikombe kinakua pambo. Hivyo akaamua kuigeuza. Akakata kijiti cha alumini, mraba, unene kama wa penseli, akakipitisha kwenye lile tundu la globu kutokea nyuma kikaingia ndani ya kikombe, na juu ya kijiti akalaza LED ikiangalia juu. Kibati chake kilikua kipana kidogo, akakipiga tupa pembeni taratibu mpaka kikakaa. Gundi ya kupitisha joto, ile nyeupe, akapaka nyembamba.

Halafu akafanya jambo ambalo sijaona fundi analifanya. Alifunga taa kwenye jiliwa, akaunganisha na betri za simu kuukuu, akazima taa ya kibandani akashusha na pazia, akawa anamulika ukuta wa nyumba ya pili huku anasogeza kile kijiti mbele nyuma, milimita kwa milimita. Ikikaa nyuma sana doa la mwanga linapanda juu ukutani. Ikikaa kwenye kitovu linakua duara dogo kali. Akaisukuma mbele kidogo tu ya kitovu, doa likashuka, juu pakakatika giza kama mtu kachora mstari na chini pakawa na mwanga mpana. Akasema "Hapa. Ya gari ndio ilivyo, ukiwasha ndogo." Akakibana na skrubu na gundi. Nilikua nimesimama nyuma yake na nikawaza mzee wangu angependa sana kuona hiki kitu.

Kile kijiti kinatoka nyuma kinagusa bati lote la taa, kwa iyo bati zima limekua hitisinki. Baada ya nusu saa ya kukanyaga ukiweka mkono juu ya taa ni vuguvugu tu, na ukiwa kwenye mwendo upepo unaipoza. LED ikipata joto sana inafifia na inakufa mapema, kwa hiyo mtu akikwambia LED haina joto usimsikilize, joto lipo, halitoki mbele kama la globu, linatokea mgongoni kwake.

Kapasita imekaa chini ya kikombe, humo ndani kulikua na nafasi ambayo zamani iliwekwa betri ya akiba. Inajichaji ukiwa unaenda, ukisimama inaendelea kuiwasha LED kwa mwanga mdogo, nimehesabu kama dakika tatu ndio inapotea kabisa. Huwezi kuonea barabara kwa huo ila unaonekana, na nilichokua nakitaka ni hicho, nikisogea pembeni kupisha lori nisimame sizimi. Ile zena ni ulinzi, waya wa LED ukikatika siku moja voti za dainamo zisipande zikaipasua kapasita.

Matokeo sasa, nimetumia wiki tisa, masika yote.

Mwanga. Ile globu ya wati 2.4 haifiki lumeni 40 hata ikiwa mpya, LED nzuri inatoa kama 100 kwa kila wati na mimi nina wati moja na nusu hivi. Kwa macho, mashimo nayaona mbele umbali wa kama kutoka nguzo moja ya umeme mpaka nyingine, jiwe na kivuli chake, chura barabarani, mtu anayetembea bila tochi namuona na mapema nagonga kengele. Nikitembea mwendo wa mguu inawaka tayari. Kucheza cheza kupo kidogo sana nikiwa naanza tu kukanyaga, kapasita inaifunika.

Uzito wa kukanyaga umepungua. Sikutegemea. Fundi alisema LED moja inataka voti 3 hivi, ukijumlisha na briji haifiki 4, wakati globu zile zilikua zinadai 6 kamili, kwa hiyo dainamo inafanya kazi ndogo. Unasikia bado inanguruma kwenye tairi lakini miguu inajua tofauti, hasa nikiwa na gunia la mpunga nyuma.

Kasoro zipo. Maji yaliingia mvua kubwa ya mwezi wa 4, sio kosa la fundi, ule mpira wa kuzunguka kioo ni wa zamani umekauka umekua kama biskuti. Kioo kilifanya ukungu kwa ndani na riflekta ikaanza doa. Nilikata mpira wa ndani wa tairi, kipande chembamba, nikaviringisha badala yake, tangu hapo haijaingia tena. Ningemshauri yeyote abadili mpira huo siku ileile taa inapofunguliwa. Pia usiguse ndani ya riflekta na kitambaa, ile rangi ya fedha ni nyembamba sana, mimi niliifuta ukungu na fulana na pale nilipofuta pameng'oka kidogo, nasikitika mpaka leo.

Kasoro ya pili swichi. Swichi ya taa yenyewe, ile ya kuzungusha juu, imebaki ya zamani na inashika inaachia. Fundi alitaka kutoboa bati aweke swichi mpya ya kubonyeza nikakataa kabisa, nikasema hakuna tundu jipya kwenye hii taa. Akaisafisha na petroli na msasa mlaini, inafanya kazi, ila barabara ikiwa mbovu sana huwa nainyonga kidogo kwa kidole. Kwangu sawa. Ninachopenda zaidi kwenye kazi yake ni kwamba kila kitu kinarudi, kishikio cha globu amenipa kwenye kifuko, siku nikitaka kuirudisha kama ilivyotoka Uingereza nachomoa kijiti basi.

Ya tatu, muda. Aliniambia siku mbili ikawa siku nane, ukihesabu kusubiri mzigo na kurudia kazi. Ukienda kwake nenda ukijua hivyo, na mwambie mapema kwamba unataka LED iangalie juu kwenye kikombe sio mbele, itakuokolea safari moja.

Kuna wanaouliza kwanini nisinunue taa mpya ya dainamo iliyotengenezwa tayari kwa LED. Zipo, na ni nzuri kweli, Wajerumani hasa, maana sheria yao ya barabarani iling'ang'ania dainamo mpaka 2013 kwa hiyo kampuni kama Busch & Müller zimekaa miaka na miaka zinachonga vikombe vinavyomulika chini bila kumuumiza mtu macho. Lakini kuipata huku ni kuagiza, na ukijumlisha usafiri na ushuru inakaribia bei ya baiskeli ya Phoenix iliyotumika. Na ingekua plastiki nyeusi kwenye Raleigh ya mzee. Hapana.

Kwa wenye Phoenix, Avon, Hero, hata zile Swala za zamani za kwetu, taa zenu nyingi zina kikombe cha aina hiihii na globu ya kusokota, kazi ni ileile. Wenye dainamo ya ndani ya ekseli ya Sturmey-Archer, hapa naomba msikilize vizuri, usimruhusu fundi yeyote aichomoe ile sumaku kutoka kwenye koili zake ili asafishe. Ikitoka bila kuvalishwa pete ya chuma nguvu yake inapungua na hairudi yenyewe, utabaki na gurudumu zito lisilotoa moto wa kutosha. Waya zinaunganishwa kwa nje, ndani hakuhusiki kabisa. Halafu ile inatoa kidogo kuliko ya tairi, kama ampea 0.3, kwa hiyo mwanga utakua pungufu lakini LED hiyohiyo inafaa.

Nampa fundi nyota nne. Moja nimeibania kwa ile safari ya kwanza, na nimemwambia mwenyewe akacheka akasema ni haki. Ile duka la globu sitarudi. Kama umeshanunua globu ya kusokota ya LED na hujui kama inafaa dainamo, ijaribu na betri: weka, halafu geuza betri. Ikiwaka pande zote mbili ina briji ndani, nusu ya safari umemaliza. Ikiwaka upande mmoja tu weka kwenye tochi.

Nyuma bado sijamaliza. Globu ya nyuma niliitoa kwa sababu kwa voti 4 ilikua inawaka kama kaa la sigara, sasaivi nina riflekta nyekundu tu na hiyo hainitoshi kwa barabara ile. LED nyekundu inataka voti 2 tu, umeme wake utachukuliwa baada ya briji, ikiwa na rezista yake, pamoja na kapasita yake ndogo, ila inahitaji waya wa pili mpaka kwenye madigadi maana fremu haiwezi tena kua njia ya kurudi. Waya nimeshanunua mita 2, mweusi ili usionekane, na Jumamosi nampelekea.